Mtani Wangu, Mwamuzi wa Ligi ya Besiboli

Mjomba wangu alisema sitamaliza baridi ya kwanza. Alisema hayo Morogoro, sebuleni kwake, mbele ya watu waliokuja kuniaga, akaongeza kwamba Mluguru ameumbwa kwa ajili ya milima na ndizi, si kwa ajili ya theluji. Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu alisema cheti pekee nitakachopata Uingereza ni cha kusafisha vyoo. Na miaka kadhaa baadaye, nikiwa London, nilipotangaza kwamba nitaanzisha ligi ya besiboli ya kulipwa, mwenzangu wa shifti alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake.

"Besiboli," akasema. "Waingereza wenyewe hawaijui. Wewe unataka kuwalipa Wakongo na Wahindi wacheze mchezo wa Wamarekani. Kwa hela ya nani, kaka?"

Naandika haya nikiwa nimerudi Morogoro, katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu na akili yangu. Stashahada yangu ya utawala wa michezo imo ndani ya fremu ya mninga, mbele ya meza hii. Baridi nilizimaliza kumi na saba. Vyoo nilivisafisha, sikatai, tena vikang'aa kuliko vya wengine. Na ligi ilianza, ikalipa wachezaji, na nilipoondoka niliiacha inakwenda. Wengi waliojaribu mambo madogo kuliko hayo walishindwa, na sioni sababu ya kuficha kwamba mimi sikushindwa.

Lakini ligi ile haikuanza kwa stashahada. Ilianza kwa mzee mmoja mwenye duka Kingsbury.

Siku nilipoingia dukani kwake kwa mara ya kwanza nilikuwa natafuta unga wa sembe na dagaa. Alikuwa amekaa nyuma ya mizani, Mhindi mwembamba mwenye sweta la kijivu, na alinisikia nikizungumza kwenye simu.

"Wa wapi wewe?" akaniuliza kwa Kiswahili cha bara, kizito na safi.

"Morogoro, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia shikamoo. Aliniangalia juu mpaka chini. "Mluguru?"

"Ndiyo."

"Nyinyi ndio mliokuwa mnawauzia babu zangu maji ya kunywa walipopita kwenda pwani na mizigo kichwani. Maji ya mto. Ya Mungu. Mnauza."

Nilielewa papo hapo. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukuambia lolote na hukasiriki. Huweza hata kukudai kitoweo kwenye msiba wako. Lakini huyu alikuwa Mhindi.

"Babu zako walitoka Gujarati," nikamwambia.

"Baba yangu alitoka Gujarati. Mimi nimezaliwa Tabora na kitovu changu kimezikwa Tabora. Lipa unga, na chenji niachie. Ni deni la maji."

Tangu siku hiyo sikuwahi kumwamkia tena shikamoo. Nilimwita mtani, naye akaniita Mluguru, na mkewe, ambaye mimi nilimwita Mama, alizoea kutusikia tukitukanana, magunia ya mchele yakiwa kati yetu, huku akitupimia bizari.

Besiboli mimi niliijua tangu sekondari. Mwalimu wa kujitolea kutoka nje alituachia magongo mawili na kitabu cha sheria, na kitabu kile nilikisoma mpaka jalada likatoka. Mzee aliijua kwa njia yake. Aliwahi kukaa miaka michache kwa dada yake Toronto, akaupenda mchezo huu kwa sababu, alivyosema, ndio pekee unaompa mtu nafasi ya kula karanga akafikiri. Katika chumba cha nyuma ya duka alikuwa na barakoa ya mwamuzi na kinga ya kifua, vyote vya zamani, amevifunga kwa kitambaa kama Korani, au Gita ya Wahindu. Aliponionyesha vitu vile, nikajua nimempata mtu.

Wakati huo nilikuwa nafanya usafi katika shule moja ya Stanmore na kusoma kozi yangu. Nilipofaulu, na nilifaulu vizuri, niliitisha kikao katika chumba kile kile cha nyuma. Walikuja wawakilishi wa timu nne. Kingsbury walikuwa wana na wapwa wa wenye maduka. Stanmore walikuwa vijana wa Kihindi waliozaliwa London, madaktari na wahasibu, walioelewa Kiswahili cha bibi zao lakini kila ukiwauliza wanajibu kwa Kiingereza. Walthamstow walikuwa Wakongo wa mashariki, watu wa kufanya kazi za kutunza wazee na kusafisha maofisi. Timu ya nne ilikuwa yetu Watanzania, tusiokuwa na mtaa, tunaokuja kwa treni kutoka kila pembe ya jiji.

Tukachagua uongozi kama tunavyochagua nyumbani. Mzee akawa mwenyekiti. Mimi katibu. Mama mweka hazina, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumdanganya. Kisha nikasimama na kusema jambo ninalojivunia mpaka leo: ligi isiyolipa ni bonanza tu la kujifurahisha. Mtu anayelipwa anakuja hata mvua ikinyesha. Tutaanza kidogo, lakini kila mchezaji atapokea bahasha yake kila baada ya mechi, na ataipokea mkononi, mbele ya watu.

"Kwa hela ya nani?" akauliza nahodha wa Walthamstow. Swali lile lile.

Mzee ndiye aliyejibu. Alisema, "Kesho mimi na Mluguru tutatembea."

Tukatembea. Barabara ya Kingsbury ina maduka mengi ya Wagujarati, na mzee aliwajua wote. Tuliingia matano: la vitambaa, la mitai na halua, famasi, wakala wa tiketi za ndege, na mwisho sonara. Mimi nilikuwa na mpango wa ligi ulioandikwa kwenye kompyuta, kurasa kumi na mbili, na grafu. Hakuna aliyeufungua. Mzee alisema maneno machache tu katika kila duka. "Msiikopeshe ligi. Nikopesheni mimi." Wakampa. Hapakuandikwa karatasi, hapakutiwa sahihi. Neno lake ndilo lililokuwa dhamana.

Nakumbuka mechi ya kwanza ilivyokuwa ya baridi, wachezaji wakipuliza vidole, na akina mama wa Kikongo wakikaanga samaki na makemba, ndizi zao, chini ya turubai kandokando ya uwanja wa halmashauri. Nakumbuka zaidi bahasha. Nahodha wa Walthamstow, mwanamume mkubwa aliyekuwa akiinua wagonjwa vitandani wiki nzima, alipokea ya kwake kwa mikono miwili, akapiga picha na kuituma kwa mama yake Bukavu. "Nimemwambia mtoto wake ni mchezaji wa kulipwa," akaniambia. "Ameuliza mchezo gani. Nimemwambia angojee, hata mimi ningali najifunza."

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kidogo. Mrushaji anarusha mpira kwa nguvu kuelekea kwa mdakaji aliyechuchumaa. Kati yao anasimama mpigaji na gongo lake. Nyuma ya mdakaji anasimama mwamuzi. Mpira ukipita mahali ambapo mpigaji angeweza kuupiga naye asiupige, mwamuzi anasema straiki, na straiki tatu zinamtoa. Ukipita mbali, anasema nje. Kila kitu kinategemea jicho la huyo mtu mmoja.

Na mtu huyo kwetu alikuwa mzee. Mwenyekiti wa ligi, dhamana wa madeni yake, na mwamuzi wake. Katika kozi yangu nilifundishwa kwamba kofia tatu hazikai kichwa kimoja. Nilijua hilo, lakini nani angekwenda kumvua?

Tena mimi nilikuwa najigamba. Wageni walipokuja uwanjani niliwaambia, "Hii ndiyo ligi pekee ya besiboli duniani ambako mwamuzi hazomewi." Na ilikuwa kweli. Mzee akisema straiki, hata mpira uwe umepita kwenye majani, mpigaji aliweka gongo chini na kusema, "Ndiyo, mzee." Wakongo waliinamisha vichwa. Stanmore walinung'unika kwa Kiingereza, lakini kwa sauti ya chini. Sisi Watanzania tulisema amepitiwa, umri. Nililiita hilo nidhamu. Nililiandika hata kwenye ripoti yangu ya mwaka.

Msimu wa tatu ukafika fainali, Walthamstow na Kingsbury. Walthamstow walikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpigaji wa mwisho alikuwa yule nahodha. Alikuwa na straiki mbili. Mrushaji wa Kingsbury akarusha mpira uliokwenda upande kabisa, mdakaji akalazimika kujitupa kuudaka. Nahodha aliuangalia ukipita, akaanza kutabasamu.

"Straiki," akasema mzee.

Nahodha akasimama pale kidogo, kisha akaweka gongo chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Ndiyo, mzee," akasema. Kingsbury wakashangilia. Kingsbury, timu ya mtaa wa mzee, ambamo mpwa wake alikuwa anacheza.

Wiki iliyofuata nahodha aliniita Walthamstow. Tulikutana sokoni, kwenye ule mtaa mrefu wa meza, mbele ya mama anayeuza soksi.

"Katibu," akasema, "sisi tumekaa, tumeongea. Mwaka kesho Walthamstow haiko."

"Kwa sababu ya mpira mmoja?"

"Ile mupira ilipita inje. Huyu mama wa soksi, kama angekuwa pale, angeiona bila kusimamisha kazi."

"Mzee alikosea."

"Mutu akikosea, anakosea huku na kule. Yeye anakosea, na mwishoni Kingsbury ndio banachukua kombe."

"Mbona hamkusema uwanjani?"

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakumpiga baba yake kofi. "Ni muzee, katibu. Utamwambia muzee nini?"

"Kwa hiyo mnamwita mwizi."

"Hatujamwita kitu. Tunaenda tu. Ukiishi kwa muzee mwenye anaiba, haumutukani. Unahama."

Nilirudi kwenye treni nikipiga hesabu. Walthamstow ndio walioleta nusu ya watazamaji, na chakula cha mama zao ndicho kilichojaza sanduku la ligi. Wakiondoka, ligi haimalizi mwaka, na wale wenye maduka watano hawatalipwa. Hilo peke yake lingevumilika, biashara huanguka. Lakini mtaa mzima ungesema kwamba mzee aliwakopa kwa jina lake, kisha akaipendelea timu ya mpwa wake mpaka ligi ikafa. Jina hilo alilijenga tangu alipofika London na sanduku moja. Alikuwa na miaka sabini na sita. Hakuwa na muda wa kujenga lingine.

Nilikwenda kwa Mama kwanza, asubuhi, mzee akiwa hospitali. Alinikalisha jikoni, akaniwekea chai ya tangawizi na kachori. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Wewe umewahi kumwona akimimina chai?" akaniuliza.

"Hapana."

"Anatia kidole ndani ya kikombe. Chai ikigusa kidole, anaacha. Kidole kinaungua, halafu anakificha mfukoni nisikione."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Ni presho ya macho," akasema. "Daktari amemwambia kilichokwenda hakirudi. Kimebaki kidogo cha pembeni. Ananiambia kila kitu kizuri, na mimi namwambia vizuri. Nimeolewa naye miaka arobaini na mitatu. Anajua kwamba najua. Tumekaa hivyo."

"Mama, mwambie aache uwanja."

"Mke akisema, ni kumwumiza. Watoto wakisema, ni kumdharau." Akanisukumia sahani ya kachori. "Mtani akisema, ni kazi yake. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimekaa katika kiti cha katibu. Nilikuwa nimeshika cheo, nikasahau utani.

Hata hivyo, na hili nalisema kwa aibu kidogo, nilijaribu kwanza kutumia elimu yangu. Jumamosi iliyofuata nilimfuata mzee chumba cha nyuma na barua yenye nembo ya ligi. Nilimwambia kwamba zamani, ligi kubwa ya Marekani ilipochafuliwa na kamari na watu wakaacha kuiamini, wenye timu walikwenda kumtafuta hakimu, mtu asiye wa timu yoyote, wakamweka juu yao wote na kumpa cheo cha kamishna. Nikamwambia ligi yetu imekua, nayo inahitaji kamishna, na mtu anayefaa ni yeye.

Alikuwa amekaa juu ya gunia la dengu, uso ameugeuza pembeni kidogo, kama alivyokuwa akifanya siku zile. Sasa nilijua kwa nini.

"Kamishna," akasema. "Na huyo hakimu wao, alikuwa anasimama nyuma ya mdakaji?"

"Hapana."

"Alikuwa anasimama wapi?"

"Ofisini."

"Ahaa." Akanyoosha miguu. "Unanipandisha juu ili nikae mbali. Mluguru, umeniletea barua. Tangu lini wewe unaniletea barua? Sema."

Nikakunja barua nikaitia mfukoni.

"Mtani," nikamwambia, "wewe huoni. Wiki mbili zilizopita uliiambia nguzo ya uzio isogee, na ilipokataa ukaitishia kuitoa mchezoni."

Nilisikia friji ya dukani ikinguruma. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akashika gunia. "Nilidhani ni yule nahodha wa Walthamstow," akasema. "Kwa urefu ule. Nikasema, leo Mkongo huyu ana kiburi."

Tulicheka wote. Alipomaliza alijipangusa macho kwa kiganja, akaendelea kuyapangusa baada ya kicheko kwisha.

"Nilikuwa natumia masikio," akasema. "Mpira ukija katikati, glavu ya mdakaji inalia nene. Ukija pembeni, inalia nyembamba, kwa sababu amenyoosha mkono. Nilijifunza. Siku nyingine nilipata zote. Siku ya fainali ndege ilipita."

Kweli ilipita. Nilikuwa nimeisahau.

"Kwa nini hukuacha?"

"Wale watano walinipa mimi. Nikitoka uwanjani watasema mzee ameikimbia ligi. Nikasema nitasimama mpaka walipwe." Akanigeukia, au akaigeukia sauti yangu. "Na nyinyi kwa nini hamkuniambia?"

"Heshima."

"Hakuna aliyelalamika?"

Hapo ndipo nilipomwambia la Walthamstow. Nilimwambia lote, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kazi ya mtani na haimaliziwi njiani. Nilipofika kwenye neno lile la kuiba, aliinua mkono ninyamaze.

"Upofu ni ugonjwa," akasema. "Wizi ni tabia. Mmeniacha nionekane mwenye tabia ili nisionekane mgonjwa. Kwa heshima." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Wanasali wapi hao?"

Jumapili tulipanda treni mpaka Walthamstow, mwisho wa reli. Alikataa fimbo nyeupe aliyopewa hospitali. Alishika kiwiko changu. Ibada ilikuwa imekwisha na watu walikuwa bado ukumbini, viti vinapangwa, watoto wakikimbizana kwa Kiingereza. Nahodha alipotuona akavaa koti lake haraka, kama aliyeshtakiwa.

Mzee hakutaka kiti. Alisimama katikati ya ukumbi akauliza kama wachezaji wapo. Wakajibu wapo.

"Mimi sikuwaibia," akasema. "Mimi sioni. Ni karibu miaka miwili sasa. Nilipaswa kusema, sikusema, nikawaamua kwa kubahatisha. Yule niliyemtoa kwenye fainali yuko wapi? Aje nimshike mkono, maana kumwona simwoni."

Nahodha akaja. Mtu mzima yule, mrefu kama nguzo, alimshika mzee mikono yote miwili. Akasema, "Papa, utusamehe. Tulinyamaza."

"Mlinyamaza kwa adabu," mzee akasema. "Lakini adabu nyingine ni kumvulia mtu kofia huku unamwangalia anatumbukia shimoni."

Mama mmoja nyuma akasema, "Ni kweli, ni kweli," kama vile mahubiri yanaendelea. Kisha mchezaji mmoja akauliza kutoka kwenye viti, "Muzee, na ile mupira ya fainali, tuihesabu namna gani?"

"Ile imepita. Siwezi kuiangalia mara ya pili. Hata ya kwanza sikuiangalia."

Wakacheka, na nikajua wamebaki. Tulipewa sahani mbili za samaki na sombe, kisamvu cha Kikongo. Nahodha ndiye aliyemtolea mzee miiba, moja moja, bila kuambiwa na mtu, huku wakibishana kama Kingsbury wataliosha kombe kabla ya kulirudisha lishindaniwe mwaka kesho.

Mwezi uliofuata timu zote nne zilimchagua mzee kuwa kamishna, na safari hii cheo kilikuwa cheo. Nami nikaichukua barakoa. Amri yake ya kwanza ilikuwa hii: kila mechi kabla ya kuanza, itakuwepo dakika ya utani. Mchezaji yeyote, wa umri wowote, atasimama mbele ya kiongozi yeyote na kumwambia kosa lake la mechi iliyopita, na kiongozi haruhusiwi kukasirika wala kujitetea. Ligi kubwa zina kamera za kurudia mpira. Sisi tulikuwa na dakika ya utani, na sijasikia kwingine kunakofanywa hivyo.

Waliitumia vizuri. Daktari mmoja wa Stanmore, ambaye alikuwa hajawahi kunijibu kwa Kiswahili maishani mwake, alisimama siku moja akasema kwa Kiswahili cha bibi yake, "Katibu, stashahada yako haijui ndani na nje." Kamishna, kwenye kiti chake pembeni, alipiga makofi peke yake. Nilivumilia. Msimu ule nikawa mwamuzi bora kuliko nilivyowahi kuwa katika jambo lolote, na nilikuwa bora katika mengi.

Deni la maduka yale matano lilichukua misimu miwili zaidi. Sanduku la ligi lilijaa polepole, kwa viingilio, kwa samaki na makemba, kwa tangazo la kampuni ya teksi kwenye jezi. Mama alipotuambia hela zimetimia, nilimwambia mzee kwamba nitatuma kwa simu, dakika tano tu, kila mmoja kwenye akaunti yake.

"Nilikopa kwa miguu," akasema. "Nitalipa kwa miguu."

Ilikuwa alasiri ya Jumanne, manyunyu yanashuka. Alivaa suti ya harusi ya binti yake. Mama alikuwa amemwekea bahasha tano katika mfuko wa ndani, na mzee alikuwa amezikunja pembe kwa namna tofauti, asizichanganye. Nilimpeleka mlangoni mwa kila duka, lakini ndani aliingia mbele yangu. Kwa mwenye vitambaa alisema, "Nimeleta lile neno langu." Kwa muuza mitai alisema hivyo hivyo, na tukalazimishwa kula laddu zake tamu. Mwenye famasi alitoka nyuma ya kaunta kumkumbatia. Wakala wa tiketi alitaka kuhesabu, akaona haya, akaiweka bahasha kwenye droo. Sonara, mwanamke mzee kuliko yeye, alisema, "Bhai, ndugu yangu, mimi nilikuwa nimeshazisahau."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Tulipotoka nje alisimama ukingoni mwa barabara. Mabasi yalikuwa yanapita na maji yanaruka.

"Mluguru, nani mwingine?"

"Hakuna."

"Angalia vizuri."

Niliangalia. Niliitazama Barabara ya Kingsbury upande wa juu na upande wa chini, duka kwa duka, kama mtu anayetafuta funguo. Muuza mitai alikuwa mlangoni kwake, bado anatutazama, ameinua mkono. Nilimwambia mzee hilo. Naye akauinua wa kwake, upande usio sahihi kidogo, nikamgeuza taratibu kwa bega mpaka wakaelekeana.

"Hakuna mwingine, mtani," nikamwambia. "Umewamaliza wote."

Aliachia kiwiko changu. Akasimama peke yake kwa muda, mikono mifukoni, manyunyu yakimkaa kwenye nywele.